Sikuwemo Chumbani

Jumatatu, 14 Oktoba 1974

Wewe uliyeshika kurasa hizi, nakusihi. Neno hata moja lisitoke. Usimsomee mkeo, usimsimulie kinyozi wako, na kama wewe ni mtu wa kanisa, usiliombee jambo hili kwa sauti. Kama wewe ni Bwana Hollowell, tafadhali fumba macho uniachie mpaka Jumamosi. Kama wewe ni Wendell Tackett, aibu kwako. Rudisha ulipotoa.

Hofu yangu ina sababu. Mama anakuja Ijumaa.

Barua yake imefika leo asubuhi. Tangu tumzike Baba, Mama hajatoka nje ya wilaya yetu hata kwenda kununua viatu. Sasa anapanda basi kutoka milimani Kentucky mpaka hapa Nashville, aje kusikia wimbo wangu. Wimbo gani? Ndiyo taabu yenyewe. Sina wimbo. Mimi ni karani katika nyumba ya Hollowell, wachapishaji wa nyimbo. Nafungua bahasha za watu wasiojulikana, naangalia kama kanda haijakatika, napiga maneno yake taipureta, naweka rafuni. Mwaka jana nilimwambia Mama kwenye simu kwamba nafanya kazi ya nyimbo. Akafurahi kwamba natunga. Nikanyamaza. Simu ya mbali ni ghali, si mahali pa kusahihishana.

Kumbe ametangaza kanisani. Mchungaji ameniombea mbele ya watu.

Mtu atasema: basi tunga! Siruhusiwi. Sheria ya Bwana Hollowell ni moja, na huitamka polepole akiangalia shingo yako: karani wa bahasha hatungi. Maana mgeni yeyote aliyekataliwa wimbo wake anaweza kudai karani kamwibia. Aliyekuwa na kazi hii kabla yangu alikutwa na beti mbili katika droo. Kabla ya chakula cha mchana meza yake ilikuwa tupu. Ndivyo nilivyoipata mimi.

Wendell yeye anaruhusiwa. Anakaa mapokezi, hagusi bahasha. Anavaa buti za ngozi ya nyoka kama mchunga ng'ombe, ingawa kazaliwa papa hapa mjini, mtoto wa daktari wa meno. Mimi ananiita Profesa kwa sababu nilisoma chuo cha ualimu. Leo amenikuta na barua mkononi, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia Mama anakuja. Akasema basi nikapake buti zangu rangi.

Sina buti.

Nimeamua. Kabla ya Ijumaa lazima pawe na wimbo wenye jina la Lowell Prather. Jinsi gani, sijui.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimepata jinsi!

Mtu aliyesoma hapaswi kuogopa wimbo. Nimechunguza nyimbo zote za rafu ya juu, zile zilizofika redioni, na zote zina mifupa ileile. Ubeti wa kwanza unaingiza fanicha: meza, kikombe, mvua dirishani. Kiitikio kinasema jambo lenyewe, na mkiani mwake unakaa ule mstari unaomnasa msikilizaji, ambao sisi tunauita ndoano. Ubeti wa pili unasogeza hadithi mbele. Hapo nyimbo nyingi hufa, kwa kuwa mtunzi keshamaliza fanicha zake. Kisha linakuja daraja, mistari michache yenye tuni nyingine, inayomwambia msikilizaji jambo ambalo hakulijua. Halafu kiitikio cha mwisho, maneno yaleyale, ila sasa yanauma.

Ni hesabu tu. Kama jometri.

Nikaorodhesha vitu vinavyoliza watu: treni, mvua, gereza, mbwa, mama, pikapu. Nikavitia vyote, nisije nikapunjwa. Ndoano nikairudia kila baada ya mistari miwili, asiponyoke hata samaki mmoja. Wakati wa chakula cha mchana nikajifungia stoo na mashine ya kurekodi, nikaimba huku nimebana pua nisitambulike. Jina la mtunzi: Buck Ransom. Jina la mtu aliyewahi kupigana. Nikaitia kanda katika bahasha, nikaifunga, nikaifungua kama kawaida ya kazi, nikampelekea Bi Junie.

Bi Junie Mabry ndiye mtunzi wetu mkubwa. Ana mvi fupi, sigara isiyozimika, na huzungumza kama mtu anayepigilia misumari. Kila Jumanne husikiliza kanda za wageni, nami nasimama kando na kalamu nikiandika hukumu.

Alisikiliza mpaka mwisho wa ubeti wa kwanza. Akazima. Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Akasema huyu Buck hajawahi kumiliki hata kuku. Akauliza mbwa kafungwa jela kwa kosa gani. Nikasema, kwa kujisahau, kwamba mbwa anaonewa. Akaniangalia kwa muda mrefu.

Kisha akasema jambo ambalo nimelinakili lote. "Huyu ananirushia ndoano usoni, Lowell. Ndoano hukaa kimya. Mara ya kwanza unaisikia, unaona ni maneno ya watu tu, ya jikoni. Ubeti unakuja, unakuzungusha. Ukirudi pale, maneno ni yaleyale. Wewe ndiye umebadilika."

Akaniamuru nimwandikie Buck barua ya kumkatalia. Nikaiandika. Kwa upole. Nilimtakia heri na kumshauri asikate tamaa. Nikaipeleka posta mwenyewe, kwa anwani ya nyumba niliyopanga.

Jumatano, 16 Oktoba

Mpango wa pili. Huu hauna kasoro.

Katika mtaa wetu wa muziki kuna desturi ambayo haikuandikwa popote, na hakuna anayethubutu kuivunja. Wimbo ukizaliwa, kila aliyekuwemo chumbani ni mtunzi wake. Sawa kwa sawa. Huulizwi umetoa maneno mangapi. Ulikuwemo? Basi ni wako. Hukuwemo? Pole. Wanasimulia habari za fundi bomba aliyeingia kuziba mfereji, akasema "subirini kidogo", na mpaka leo jina lake limo katika wimbo, kwa sababu ya subirini kidogo.

Kwa hiyo sihitaji kutunga! Nahitaji kuwemo tu. Na kuwemo si kutunga. Sheria ya Bwana Hollowell haisemi lolote juu ya kusimama.

Leo Bi Junie na Wendell wamejifungia chumba cha nyuma tangu asubuhi. Nimeingia na kahawa. Nikashukuriwa, nikangojewa nitoke. Nikaingia na kisahani cha majivu. Nikaingia kufungua dirisha. Nikaingia kulifunga. Nilipoingia kuchonga penseli ambazo nilikuwa nimezichonga tayari, Wendell akaweka gitaa chini. Akaniuliza, "Profesa, umepoteza nini humu? Sema tukusaidie kutafuta, maana ukiingia tena tutakutoza kodi ya pango."

Bi Junie hakucheka. Alikuwa anaangalia kikombe chake.

Nimetoka. Wimbo wao umekufa peke yake kwenye ubeti wa pili. Sina hatia.

Nimekumbuka nyumbani leo, sijui kwa nini. Labda ni ile harufu ya kahawa katika chumba chenye baridi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Naandika polepole.

Leo baridi imeingia kwa nguvu na hita ya chumba cha nyuma imekataa kuwaka. Nikaiona neema. Nikachukua spana, nikapiga magoti nyuma ya hita, nikaanza kufungua skrubu moja na kuifunga ileile. Nani atamfukuza mtu anayewaletea joto? Wendell akasema hakujua kwamba chuo cha ualimu kinafundisha hita. Nikasema tulifundishwa mambo mengi.

Walikuwa wamekwama. Gitaa likiguswa, likiachwa. Kisha Bi Junie akanywa kahawa yake na kuniita. Akaniuliza kwa nini kahawa yangu haimwunguzi kamwe wala haijapoa kamwe. Kila siku akikaa tu, inanyweka. Alitaka kujua nafanyaje.

Nikamwambia nasikia breki za gari lake pale konani, ndipo namimina. Akiegesha, akipanda ngazi, akivua koti, imeshakuwa sawa.

Akauliza nani alinifundisha hivyo.

Sikukusudia kusema. Ila nilikuwa nimepiga magoti, sioni uso wa mtu, na ni rahisi kumweleza hita. Nikasimulia kwamba Baba alifanya kazi kiwanda cha mbao, na pikapu yake ilikuwa na gia ya pili yenye kilio kama cha mlango wa zamani. Jioni akifika kilima cha kanisa, chini ya nyumba yetu, alirudisha gia mpaka ya pili, nayo ikalia. Mama, popote alipo, hata akiwa na unga mpaka kwenye viwiko, alisema, "Mimina kahawa." Nami nilimimina. Mkate wa mahindi unatolewa, Baba anaingia, anavua kofia, anaketi, na kahawa imepoa kiasi cha ulimi wake. Hakuwahi kuipuliza hata mara moja.

Wendell akauliza, bila kejeli safari hii, ikawaje.

Nikasema Baba aliugua kifua. Pikapu ikauzwa kwa jirani, Orbie Stamper, anayeishi mbele yetu kidogo. Tukazika. Wiki iliyofuata, jioni, tuko jikoni, gia ikalia kilimani. Mama hakugeuka. Akasema, "Mimina kahawa." Nikamimina. Hakuna aliyeinywa. Ikapoa, nikaosha kikombe. Na kesho yake vilevile. Mpaka nilipoondoka kwenda chuoni, kila jioni nilimimina.

Nikasikia Bi Junie akichukua gitaa kutoka kwa Wendell. Akapiga taratibu, sauti tatu zilezile ambazo nyimbo zetu zote zimejengwa nazo, na ikaja, kana kwamba ilikuwa imekaa pale chumbani ikingoja tunyamaze:

*Mimina kahawa, gia inalia kilimani,*
*mkate utoe, kikombe weka mezani,*
*atavua kofia akifika mlangoni.*
*Mimina kahawa.*

Ubeti wa kwanza ukaja mbio: unga, viwiko, kilio cha gia. Wa pili ukaja wenyewe: pikapu ya jirani. Na kiitikio kiliporudi, naapa, halikubadilika neno hata moja, lakini nilijikuta nimeacha kuzungusha spana. Ndoano! Nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote nikidhani ni kazi ya nyumbani.

Nami nilikuwemo. Chumbani! Nimepiga magoti ndani ya wimbo!

Ndipo nikasikia viatu vya Bwana Hollowell koridoni.

Nitajaribu kueleza kilichotokea. Akili ilisema: kaa, huna kosa, umeshika spana. Miguu haikusikiliza. Dirisha lilikuwa karibu kuliko mlango. Nilitoka kwa dirisha, nikaangukia kichaka cha miba, nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mbele, nikafika koridoni nikihema nyuma ya Bwana Hollowell, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba akitikisa kichwa kwa huzuni nzuri. Alikuwa amesikia kiitikio. Akauliza ni wa nani.

Bi Junie akasema ni wake na Wendell, na labda wa mtu mwingine. Akaniangalia juu ya bega la tajiri. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lowell, wewe ulikuwemo humu?"

Bwana Hollowell akageuka. Akaangalia majani kichwani mwangu. Kisha shingo yangu.

"Hapana, bibi," nikasema. "Sikuwemo."

Wendell aliinamisha macho. Angalau hakucheka. Bi Junie akasema haya basi, imeshasemwa. Desturi ni desturi: mtu akisema hakuwemo, hakuwemo.

Wimbo umebaki bila daraja. Wamehangaika nao mchana kutwa, hawakulipata. Mimi nimefungua bahasha.

Nimerudi nyumbani nimekuta barua. Buck Ransom amekataliwa. Imeandikwa kwa upole sana, lakini imeniuma.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mama amefika. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kofia ya kanisani kichwani, kikapu mkononi: paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na ile keki yake ya tofaa yenye matabaka, iliyosafiri magotini mwake njia nzima. Alininusa shingoni kama nilipokuwa mtoto. Akasema nimekonda, na kwamba mji huu hauna upepo.

Njiani nilitaka kuungama. Nikasema tu kwamba wimbo upo, ila haujakamilika. Akasema hana haraka, basi linarudi Jumapili.

Bwana Hollowell kila Ijumaa mchana huenda gofu. Kwa hiyo mpango wa tatu: nimwingize Mama ofisini, aone taipureta yangu, asikie kipande kidogo kupitia ukutani, atoke. Haraka. Salama.

Wendell akatuona kwanza. Nikajua nimekwisha. Akasimama, akavua kofia, akamwambia, "Karibu, mama. Tumekunywa kahawa yako siku nyingi." Mama akasema kijana huyu ana adabu, ila viatu vyake vimechubuka ngozi. Bi Junie akatoka, wakapeana mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akamwomba aingie chumba cha nyuma, kuna kitu angependa asikilize.

Mimi? Mimi nilikuwa naangalia barabara. Gofu linaweza kuahirishwa. Mvua inaweza kunyesha. Mwajiri anaweza kusahau miwani! Nikawaambia watangulie, nitasimama barazani kidogo, nilinde.

Nikalinda. Kupitia dirisha nikasikia gitaa, ubeti wa kwanza, kiitikio. Ubeti wa pili. Kiitikio tena. Kisha sauti ya Mama, chini, kama anavyoongea akikunja nguo. Sikuweza kushika maneno. Nikafikiria kuingia. Gari jeusi likapita, halikuwa lake. Gitaa likaanza tena, tuni nyingine ambayo sikuijua, likapanda, likarudi nyumbani.

Nilipoingia Wendell alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. Mama ameshika kikombe. Bi Junie akasema wimbo umekwisha, daraja limepatikana. Akaniuliza nilikuwa wapi.

Nikasema barazani.

Akavuta sigara. Akasema, "Mara mbili, Lowell. Mara mbili mlango ulikuwa wazi."

Mama akamwambia asishangae. "Huyu tangu mtoto. Keki ikitoka jikoni, yeye yuko chooni."

Nikawaomba waniimbie daraja. Bi Junie akasema ni bora mwenyewe aniambie. Na Mama akaniambia, akizungusha kikombe mkononi.

"Kilima kile hakikutaka gia ya pili, mwanangu. Pikapu tupu, mtu anarudi kazini. Hata mbuzi angekipanda amelala. Baba yako alikuwa anairudisha ile gia ili nisikie mimi."

Sikulijua hilo. Miaka yote hiyo, sikulijua.

"Na Orbie je?" nikamwuliza.

Mama akasema, "Siku moja nilimfuata, nikamwuliza mbona na wewe unapiga kelele pale. Akaona aibu. Akasema, mumeo Burl aliponiuzia aliniomba kitu kimoja tu. Pale kanisani, rudisha gia."

Nikatafuta kiti, nikaketi. Nilitaka kulia vizuri, kama mtoto wa mtu, lakini kichwa changu cha karani kikaniambia: ndiyo! Jambo ambalo msikilizaji hakulijua! Mahali pake hasa, kabla ya kiitikio cha mwisho! Nikalia hata hivyo.

Watunzi: Junie Mabry, Wendell Tackett, na Mama, Ottie Prather. Waliokuwemo.

Jioni, tukila nguruwe, nikamweleza Mama yote. Simu, uongo, Buck Ransom, dirisha. Akajikatia kipande kingine. Kisha akasema alijua tangu mwanzo. Barua zangu hazina kosa hata moja, na mtunzi gani anaandika hivyo? Kanisani alitangaza kwa sababu aliona ndivyo ninavyotaka kuwa, na hakuna ubaya watu wakamwombea mtu mapema. Hakuja kwa ajili ya wimbo. Alikuja kuona ninalala wapi.

Akakagua godoro. Hakuridhika.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kuna mkahawa mdogo ambapo watunzi huketi duara katikati ya watu na kuimba kwa zamu, kila mmoja wake. Tumekwenda jua bado halijazama. Nilimweka Mama mbele, mimi nikakaa karibu na nguzo. Bwana Hollowell alikuwepo. Nikahamia nyuma ya nguzo.

Ilipofika zamu ya Bi Junie hakueleza kitu. Akaanza tu. Ubeti wa kwanza watu walikuwa bado wanakula. Kiitikio cha kwanza, sahani zinagongana. Ubeti wa pili, mwanamke mmoja akaweka uma chini. Daraja lilipokuja na Orbie akarudisha gia, mpishi alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Kisha ikarudi, "Mimina kahawa," polepole, hakuna aliyesogea, na mhudumu aliyekuwa ameinamisha birika mezani kwetu akaacha kumimina.

Wakapiga makofi mpaka Bi Junie akachoka kuinama. Akataja watunzi. Akamtaka Bi Ottie Prather asimame. Mama akasimama, kofia imenyooka, akaketi upesi kama aliyekanyaga kaa la moto.

Bwana Hollowell akaja nyuma ya nguzo. Macho yake yalikuwa mekundu. Akauliza, kwa wema kabisa, kama huyu Bi Prather ni jamaa yangu.

Sasa, mtu mtulivu angejibu ndiyo. Mama si karani! Mama hafungui bahasha! Hakukuwa na kosa lolote duniani. Nimelifikiria jambo hili tangu jioni na sijapata sababu hata moja.

"Jina hilo ni la kawaida sana kwetu, bwana," nikasema.

Mama alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, na kikombe changu mkononi. Akanipa. Akangoja tajiri aondoke. Akasema, "Buck, mara ya kwanza. Dirishani, ya pili. Leo umenikana mimi. Sasa tumebakiza jogoo tu awike."

Kisha akacheka mpaka akashika nguzo. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Baba. Nikanywa kahawa. Ilikuwa sawasawa kabisa.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimemsindikiza stendi. Bi Junie amempa kanda, Wendell amempa buti za nyoka ampelekee Orbie Stamper, ambaye hajawahi kumwona. Mama akaniambia nile, nibadilishe godoro, na nikiogopa nihesabu kuku wake kwa majina.

Basi likaondoka. Kwenye mwinuko wa kutokea stendi dereva akarudisha gia, ikalia kidogo. Mikono yangu ikanyooka mbele, ikitafuta birika. Mtu wa tiketi akaniuliza kama nahitaji msaada.

Jumatatu, 21 Oktoba

Bwana Hollowell amefika mapema. Mwimbaji mmoja mkubwa ameomba wimbo uwekwe kando kwa ajili yake. Nikaamriwa nimwandikie Bi Ottie Prather barua ya heshima, kumwuliza kama ana mambo mengine ya namna hii huko milimani. Nimeandika: "Mpendwa Bibi, hatujapata bahati ya kufahamiana." Haina kosa hata moja.

Nimekaa nikafikiri kwa makini nilikosea wapi. Mtu aliyesoma hujifunza. Nimegundua makosa matatu. Kwanza, hita iko mbali mno na kabati. Mtu akijificha kabatini, bado yumo chumbani, na hahitaji dirisha. Kabati linanitosha, nimepima. Pili, baraza lina mwangwi mbaya. Tatu, Buck Ransom. Nilimhukumu mapema. Wimbo wake haukuwa na kosa la mifupa, ulikosa kahawa. Nimeondoa treni, nimeongeza kahawa na mbwa wa pili, na safari hii wote wawili wako gerezani. Nimeweka gia katika kila mstari. Kesho ni Jumanne. Bi Junie hawezi kuutambua, nitabana pua upande mwingine.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, huenda ukataka kunipata. Ukiwa na wimbo unaokosa mtu wa kuwemo, kwa mfano. Usipige simu ofisini. Usije kwa mlango wa mbele, Wendell atakuona. Barua mtumie Buck Ransom kwa anwani ya nyumba niliyopanga. Nitaifungua kama kawaida ya kazi.

Kama ni jambo zito, nenda kwetu. Panda milima ya Kentucky mpaka uulize kiwanda cha mbao, kisha ufuate barabara ya kanisa jeupe. Hapo pana kilima. Gari lako halitahitaji, lakini rudisha gia. Acha ilie. Kisha endesha taratibu, uvue kofia mlangoni, uketi. Kahawa itakuwa imeshamiminwa.

Na Mama akikuuliza nani aliyekuelekeza, tafadhali, usinitaje.